Bwana yu karibu, na jirani kanipigia vigelegele

Leo nimepigiwa vigelegele kwa kusoma Biblia.

Jumapili hii zamu ya kusoma somo la Majilio kanisani ni yangu. Nikakaa barazani, nikajizoeza kwa sauti: "Bwana yu karibu."

Jirani yangu, Bi Mwanakhamis, akatoa kichwa dirishani.

"Weye! Bwana yu karibu? Keshapanda boti?"

Kabla sijajibu, vigelegele! Akaniletea chetezo na udi nifukize chumba.

Mnaonijua mnajua. Mume wangu alivuka kwenda Bara kutafuta kazi, na simu yake haipatikani tangu Kwaresima.

Nikamweleza Bi Mwanakhamis ni Bwana yupi. Akajishika mdomo.

"Nisamehe, mwanangu."

Ningecheka. Lakini nilipogeuka, mama mkwe keshavaa kanga mpya, amekaa anautazama mlango.

"Mama, nilikuwa nasoma Biblia tu."

Akasema, "Udi usiuzime."

Sikuuzima. Naandika haya chumba kinanukia kama cha bibi harusi.

Na Jumapili nitasimama mbele ya watu niyaseme maneno yale yale.

Niambieni, nyie mngeyasema kwa sauti gani?