Pita Wewe Kwanza, Baba

Haya sikusimuliwa na mtu. Yalinikuta mimi mwenyewe, mchana, na sikuwa nimekunywa hata kikombe. Hilo naliweka mbele maana najua mnavyotusema wazee.

Kwetu Rungwe, sisi Wanyakyusa, baba haonani na mke wa mwanawe. Mke huyo akikuona njiani anaingia majanini, anajifunika, na wewe unatazama pembeni unapita. Kuongea ndiyo kabisa hakuna. Vijana wa siku hizi wanacheka, wanakula meza moja na wakwe zao. Wacheke. Mimi nimeishia darasa la pili, lakini mila niliisoma yote.

Subilaga alikuwa mke wa marehemu mwanangu. Asubuhi moja napita nyuma ya nyumba yake, gari la parachichi linanisubiri barabarani, nikasikia ananiita kutoka ndani, "Baba, naomba maji." Sauti ya mgonjwa. Nikatazama pembeni, nikapita. Nikajiambia mila ni mila, wanawake watakuja. Simu ilikuwa mfukoni, na salio lilikuwepo. Sikumpigia mtu. Jioni narudi, nakuta kilio.

Kwenye mazishi nilisimama mbali, nyuma ya kanisa. Watu wakanisifu, mzee huyu ana heshima. Na mimi sifa ile nikaipokea. Unanielewa lakini?

Sasa lile kanisa letu ni la zamani, la Wajerumani, kengele imepasuka inalia kama sufuria, ila hayo tuyaache. Ilifika zamu yangu ya kufyeka makaburini. Ukungu ulishuka, huoni hata msalaba ulio mbele yako. Mara mwanamke akatokea na ndoo ya maji kichwani. Kuniona tu, akatoka njiani, akachuchumaa nyuma ya kaburi, kitenge usoni. Nikadhani ni mke wa mtu, amenifananisha. Nikamwambia, "Pita tu mama, mimi siyo mkwe wako."

 Halafu akasema taratibu, bila ubaya wowote, "Pita wewe kwanza, baba. Wewe umezoea kupita."

Niamini, sauti ile niliijua. Nikazunguka kaburi, hapakuwa na mtu. Kaburi lenyewe ni la Subilaga. Juu ya saruji palibaki duara la maji, alama ya kitako cha ndoo.

Tangu hapo, mke wa mwanangu mdogo akiniona akaingia majanini, na mimi nasimama. Miguu inakataa. Namwambia, pita wewe, mwanangu. Naye atathubutu wapi? Tunabaki hivyo, yeye majanini, mimi njiani, mpaka atokee mtu anishike mkono. Kijijini wanasema mzee amechanganyikiwa. Niliwaacha waseme, ilikuwa nafuu kuliko kuwaambia haya.

Basi mmeshajua. Wewe ukiitwa, itika. Na usinijibu habari za mila, maana huko ndiko nilikojificha mimi.