Benchi Alilokalia Mama Neema

Hadi leo nikipita kwenye karakana za Maisaka nikakuta gogo bichi la grevilea linapasuliwa, ile harufu yake chachu ikinipiga puani, uso unaniwaka kwa aibu. Namkumbuka baba yangu, fundi seremala, na benchi lake la kanisani. Jamani, lile benchi!

Usharika wetu ulipomaliza kujenga kanisa, kila familia iliombwa ilete benchi. Nilijitapa shuleni hadi wenzangu wakachoka, maana darini kwetu kulikuwa na mbao za mringaringa zilizokaa miaka zikikauka. Baba alinifundisha kuzigonga kwa kidole na kusikiliza. Mringaringa ukishakauka, alisema, ni mwepesi, haupindi, wala wadudu hawausumbui.

Siku ya kufungua kanisa akatokea na benchi la grevilea mbichi, mti wa mpakani mwa shamba letu uliokatwa juzi yake tu. Siku ile lilimeremeta kwa vanishi. Kiangazi kilipoingia mbao zikajikunja, mguu mmoja ukabaki hewani. Basi tukisimama kuimba, ko! Tukikaa, ko! Watoto wanajiziba midomo. "Fundi katuletea ngoma," watu walinong'ona. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Aliyenikera zaidi ni Mama Neema, mama mmoja wa Singe. Mabenchi yote mazuri yale, yeye anakuja kujibana kwetu, palepale penye mguu mbovu. Niliamini anatusanifu. Nikamsihi baba atengeneze lingine. "Kaa, mwanangu," alinijibu, basi.

Krismasi iliyopita nilirudi nyumbani. Baba hayupo tena, benchi lipo, na Mama Neema, sasa bibi wa mkongojo, yupo mahali pake. Nikampa shikamoo, kisha nikamwambia, kwa sauti ya mtu mwenye mshahara, kwamba nitaleta viti vya plastiki, hili tulifanye kuni.

Akalishika benchi kwa mikono miwili.

"Hapana, mama. Baba yako alikuwa na mringaringa wake mkavu, ameuweka kwa ajili ya benchi la kanisa. Wiki ileile ya kufungua kanisa nikafiwa. Akauteremsha wote, akamtengenezea Neema wangu jeneza. Sasa mimi nikakae wapi?"

Nikaketi kando yake. Ko. Utoto wangu mzima nilimwita Mama Neema, na sikuwahi hata siku moja kuuliza Neema yuko wapi.