Kwenda Mutwanga Kutafuta Sura ya Mama

Niliondoka Butembo kwa sababu filamu yetu ilikuwa na mtoto anayerudi lakini haikuwa na mama wa kumpokea. Kazi yangu ilikuwa kupiga picha za ndoa. Lakini vijana wa paroisse, parokia yetu, waliomba tutengeneze hadithi yetu wenyewe: kijana aliyepotea wakati wa vita anarudi nyumbani, mama yake anamwona njiani. Upande wa kijana tulikuwa tumeshaupiga kule Vuhovi. Paluku, aliyecheza mtoto, alishuka kilima, akasimama, akatazama. Alichotazama kilikuwa mti wa avoka tu. Katika filamu si lazima watu wawili wakutane. Unapiga sura moja leo na nyingine mwezi ujao, kisha unaziunganisha, na mtazamaji anaamini kwamba walionana.

Mama Katungu, aliyecheza mama, alikimbia mapigano tukiwa tumempiga picha za mwanzo tu, kabla ya upande wake wa kuonana. Tulisikia tu kwamba alikuwa Mutwanga kwa kaka yake. Tulingoja barabara itulie. Haikutulia. Mwishowe nikaweka kamera ndani ya gunia la nguo, nikaenda.

Kutoka Butembo nilipanda lori la maharage. Mvua ilikuwa imeharibu njia, na mara kwa mara tulishuka ili lori litoke matopeni. Hakuna aliyelalamika. Watu walishuka, wakasukuma, wakapanda tena, kama watu wanaoamka na kulala.

Mbele ya Kabasha palikuwa na kizuizi. Askari mmoja, aliyetumwa kutoka jimbo lingine, akafungua gunia langu.

"Weye ni journaliste?"

"Hapana, afande. Tunafanya filme ya batu ya paroisse."

"Onyesha."

Nikamwonyesha Paluku katika kioo kidogo cha kamera, nikiombea betri isiishe na kaseti isibaki kwake. Alitazama hadi mwisho, kisha akarudisha nyuma, akatazama tena.

"Huyu anaona nani?"

"Anaona mama yake."

"Mama iko wapi?"

"Njo ninaenda kumutafuta."

Hakucheka. Alinirudishia kamera, akainua mti wa kizuizi kwa mkono wake mwenyewe.

Beni nililala kwa dada yangu, nikajaza betri kwenye duka lenye groupe ya umeme. Asubuhi nikachukua pikipiki kwa barabara ya Kasindi. Tulivuka Semuliki, tukapita mashamba ambayo magugu yalikuwa marefu kuliko muhogo. Rwenzori ilikuwa imejificha katika mawingu, na mgongo uliniuma hata nikaacha kuufikiria.

Mutwanga nilimkuta Mama Katungu uani, amekaa kwenye kiti kifupi, akichambua kahawa ndani ya lungo. Alikuwa amekonda. Kitenge cha bluu alichovaa katika picha za kwanza kilibaki njiani alipokimbia. Nikaanza kuhesabu shida zangu: nguo si ile, mashavu si yale, watu watasema huyu si mama yule.

Kaka yake alinivuta pembeni. "Masika, habari ya Muhindo ulisikia?"

Muhindo alikuwa mtoto wa Mama Katungu wa kumzaa, wa mwisho.

"Sikusikia."

"Batu ya bunduki balimukamata kwa shamba. Tangu ile siku, hapana habari."

Nilirudi uani, nikaanza kufunga gunia. Mama Katungu aliniangalia.

"Unafunga nini?"

"Mama, tutaiacha. Nilikuwa sijui."

"Umetoka Butembo na ile matope yote, donc urudi bure? Weka mashini yako." Kisha akasema polepole: "Mais kukimbia na kupiga vigelegele, kama vile muliandika, ile hapana. Miye siwezi."

"Basi ufanye vile unaweza."

"Nitaangalia wapi?"

Nilimwonyesha nguzo ya ua. Hakuitazama. "Nitaangalia njia," akasema.

Niliwasha kamera. Alichambua kahawa muda mrefu. Kisha mikono ikasimama, akainua kichwa, akatazama njia. Sijui aliona nini. Uso wake ulifunguka kidogo, akainuka nusu, mkono mmoja bado umeshika lungo. Akabaki hivyo. Kisha akakaa tena na kuendelea na kahawa.

"Umepata?"

"Nimepata, Mama."

"Kama haitoshi, nirudilie."

Nusu ya uso wake ilikuwa kivulini, na desturi ya kazi ni kupiga mara ya pili. Nikasema inatosha.

Wakati wa kuagana alinishika mkono. "Paluku umuweke pale nyuma ya picha yangu. Batu baone mutoto amefika."

Njia ya kurudi ilikuwa ileile, na sikumbuki mengi yake, isipokuwa kwamba nilisafiri na kaseti chini ya nguo, tumboni.

Butembo nilikaa mbele ya mashine mbili za video nikiunganisha vipande. Nilipotanguliza Paluku, mama alionekana kumwona mtoto na kukata tamaa. Nilipotanguliza mama na kumwacha akae tena, Paluku alionekana kama ndoto. Niliunganisha na kubomoa mpaka macho yakawasha. Mwishowe nikakata pale alipoinuka nusu, kabla hajakaa, nikaweka Paluku akishuka kilima.

Tuliionyesha katika ukumbi wa paroisse. Kitenge hakuna aliyekiuliza. Mama alipoinuka na Paluku akatokea, wanawake wakapiga vigelegele, vile ambavyo yeye alishindwa kuvipiga, na wengine wakalia.

Nilikwenda Mutwanga nikidhani kazi yangu ni kukusanya picha. Nilirudi nikijua kwamba kazi ni kuchagua mahali pa kukata, na kwamba kilichokatwa hakipotei. Mtu mmoja anabaki nacho. Nilikuwa nimekaa nyuma kabisa, karibu na mashine ya kuonyeshea, nimechoka. Ukumbi mzima ulikuwa unamwona Mama Katungu akisimama. Mimi peke yangu nilijua kwamba alikaa tena.