Masikio ya Bwana Darubini

Mume wangu alianza kuhesabu ndege akiwa na miaka ishirini na mbili, mwaka alioajiriwa kuendesha pampu kwenye mabwawa ya maji ya mji. Zamu zilikuwa ndefu, pampu hazina maongezi, na fundi aliyemtangulia alikuwa ameacha darubini kabatini akaenda zake. Aliponioa nilidhani ni wazimu wa ujana tu, utapoa tukipata mtoto. Tumepata wanne, wote wameshaondoka nyumbani, na kila Jumamosi asubuhi bado anavaa buti za mpira anatoka. Majirani wanamwita Bwana Darubini. Mimi nimemwita mengi, mengine hayaandikiki. Lakini nisimsingizie: wenzangu walisumbuliwa na baa na nyumba ndogo, mke mwenzangu mimi alikuwa kinamasi.

Kinamasi chenyewe kiko nyuma ya mabwawa, matete yamempita mtu kimo. Ndani yake anaishi ndege mdogo wa rangi ya kahawia ambaye jina lake la kitabuni ni refu kuliko yeye mwenyewe. Mume wangu alimpa jina la Mpangaji, kwa kuwa unamsikia yumo ndani lakini humwoni, kama mpangaji anayemkwepa mwenye nyumba. Ndege wengine wanahesabiwa kwa macho, huyu ni kwa masikio. Kuna vigingi kumi na viwili ukingoni. Unakaa kwenye kila kigingi dakika tano, unaandika umesikia sauti ngapi, unasonga mbele. Ndivyo alivyofanya kwa miaka arobaini na mitatu, na kila mwisho wa mwaka alipeleka hesabu ofisi ya mazingira. Kwa ajili ya Mpangaji, ofisi hiyo iliweka uzio na bango, na ikawa marufuku kumwaga pale hata toroli moja la kifusi.

Kisha hesabu ikaanza kushuka. Kumi na wanne, kumi na mmoja, saba, watatu. Mwaka alioandika sifuri kwa mara ya kwanza alirudi nyumbani akakaa kitandani na buti miguuni, tope likidondoka kwenye mkeka wangu, na sikuthubutu kumsema.

"Wamekwisha, mama watoto," aliniambia. "Nimeishi mpaka nimewazika."

Alilia kama mfiwa. Ukihesabu na mwaka huo, ameandika sifuri miaka minne mfululizo.

Sasa niseme jambo langu, nalo ni baya. Nilijua kwamba masikio yake yanakwisha. Nilijua tangu wiki aliyoolewa kitinda mimba wetu, miaka tisa iliyopita. Tulikuwa na birika la filimbi, lile linalopiga mluzi maji yakichemka. Nilikuwa uani naanika nguo, nikasikia linapiga, linapiga, halinyamazi. Nikaingia nikamkuta amekaa hatua mbili kutoka kwenye jiko, anasoma gazeti, ametulia tuli, na mluzi ule ungeamsha mtaa mzima. Nikazima jiko. Kesho yake nikanunua birika la kawaida nikamwambia lile limetoboka.

Kwa nini sikusema? Jibu zuri ni huruma. Ndiyo kwanza alikuwa amestaafu, amebakiwa na ndege tu, na mama yake mzazi alipoacha kusikia, ukoo mzima ulimgeuza kichekesho. Jibu la kweli lina kipande cha pili: nilifaidi. Baada ya miaka thelathini na kitu ya kupima maneno, nilipata uhuru wa kunung'unika ndani ya nyumba yangu. Nikimpa mgongo, kwa sauti ya chini, nilimwambia yote ambayo wanawake wengine wanayameza. Alipolalamika kwamba siku hizi watu hawasemi wakaeleweka, nikamwitikia. Ila kwamba masikio hayohayo ndiyo yaliyokuwa yanamhesabu Mpangaji, naapa halikunijia akilini. Mambo ya ndege yalikuwa yake.

Mwezi uliopita ikaja barua. Halmashauri inataka kujaza kinamasi udongo ijenge maegesho ya malori, na kwa kuwa Mpangaji hayupo tena, mhesabu mwenyewe atie saini kuthibitisha. Barua ilikaa mezani siku tatu. Siku ya nne, Jumamosi, akasema atakwenda kuhesabu mara ya mwisho, akirudi anasaini. Goti lake lilikuwa limevimba, kwa hiyo nikafuatana naye nimbebee kigoda. Katika ndoa yote hiyo sikuwahi kuvuka kigingi cha kwanza.

Kwenye kigingi cha tatu alikaa, akatazama saa, akafumba macho. Ndani ya matete kitu kikaanza kulia, sauti nyembamba ya juu, kama gurudumu la cherehani lililokauka mafuta. Ikanyamaza, ikaanza tena. Dakika tano zikaisha, akafungua daftari akaandika sifuri.

"Huyo humwandiki?" nikamuuliza, kwa sauti kubwa kama nilivyozoea kusema naye.

"Yupi?"

"Huyo anayelia. Anatutoboa masikio."

Akanitazama. "Mama watoto, hapa hakuna anayelia."

"Yuko pale. Na mwingine kule kwenye matete yaliyoinama. Wanajibizana."

"Analiaje?"

Nikamwigizia. Bibi wa wajukuu saba, nimesimama kwenye tope nalia kama ndege. Siku nyingine angecheka mpaka machozi yamtoke. Siku hiyo uso wake ulikauka, akainua darubini akaielekeza kule nilikoonyesha. Tulingoja sana, goti likimuuma, hataki hata kuligusa. Kisha ndege akapanda kwenye ncha ya tete, akakaa kwa muda mfupi tu. Mimi nilimsikia na yeye alimwona. Aliona mdomo unafunguka, koo linatetemeka, mdomo unafungwa, unafunguka tena.

"Anaimba?" akauliza bila kushusha darubini.

"Anaimba."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi, baba watoto. Kwa nguvu zake zote."

Tulizunguka vigingi vyote, mimi nikihesabu kwa vidole, yeye akiandika. Walikuwa kumi na watano. Nilidhani atafurahi. Alikaa kwenye kigoda akaanza kupekua daftari kurudi nyuma.

"Kumi na wanne, kumi na mmoja, saba, watatu," akasoma. "Hawa hawakupungua. Niliyekuwa napungua ni mimi."

Akafunga daftari tukaanza kurudi. Tulipita upande wa mashariki, ambao ulishajazwa kifusi miaka miwili iliyopita kwa sababu ya sifuri zake, akasimama pale mpaka nikamshika mkono.

Jumatatu tukaenda ofisi ya mazingira. Afisa ni mwanamke wa rika la binti zetu, na chati ya hesabu za Mpangaji ilikuwa imebandikwa ukutani nyuma yake, mstari unashuka mpaka chini. Mume wangu hakutaka kiti.

"Mwanangu, ndege hawajaisha, Jumamosi mke wangu amesikia kumi na watano," alisema. "Masikio yangu ndiyo yaliyokwisha. Sisaini."

Afisa aliweka kalamu chini. Alikuwa mpole, na upole wake ulinitisha kuliko ukali.

"Pole sana, baba. Lakini nikiwapelekea halmashauri hivyo, wataniuliza: kama miaka hii minane ni makosa, ile thelathini na mitano ya nyuma tutaiaminije? Watasema mzee hakuwahi kusikia vizuri, watafuta daftari zote. Bila daftari hizo sina cha kuwazuia, hesabu ya Jumamosi moja haitoshi, wiki ijayo malori yanamwaga udongo." Akamsogelea, akapaza sauti. "Nahitaji tarehe. Mpaka siku hii alikuwa anasikia, baada ya hapo hasikii. Ilianza lini?"

"Sijui. Ningejuaje? Kilichonipita sikukisikia."

"Hakuna mtu nyumbani aliyegundua? Tukio lolote?"

"Angekuwepo aliyegundua angeniambia," akajibu mume wangu, na alisema kwa fahari. "Nina mke, nina watoto wanne. Wangenificha ya nini?"

Nikatazama mikono yangu. Ningenyamaza, tungerudi nyumbani pamoja kama tulivyokuja, yeye akiwa amepoteza kinamasi na miaka arobaini na mitatu ya kazi yake, lakini akiwa bado na mke anayemwamini. Niliona aibu.

"Miaka tisa," nikasema. "Wiki ya harusi ya kitinda mimba wetu. Tarehe ninayo. Nilijua, sikumwambia."

Afisa akachukua kalamu akaandika. Mume wangu aliona kalamu inakwenda, akajua kuna neno limesemwa. Nilikuwa nimesema kwa ile sauti yangu ya chini, ya kumpa mgongo. Akaniinamia, mkono nyuma ya sikio, anatabasamu, macho yamejaa matumaini.

"Umekumbuka kitu, mama watoto? Sema kwa nguvu nisikie."

Ikanibidi niseme tena, yote, kwa sauti ya juu, nikimtazama usoni.