Faili Lililobaki Ganda

Watu wa mji mdogo wa Mabwerebwere walijua kwamba faili likigoma, dawa yake ni Mwanvua. Alijifunza kupiga chapa akiwa msichana, kwenye ofisi ya shamba la mkonge alikoajiriwa baba yake. Sasa ana miaka hamsini na minane, kibanda cha stesheneri, kompyuta mbili na printa yenye maradhi yasiyoisha. Walimu humletea mitihani iliyoliwa na virusi, wachungaji humletea barua zilizogeuka vijialama visivyosomeka. Naye hamfukuzi mtu.

Jumatatu moja asubuhi aliingia Ditram, katibu wa wakulima wa kijiji kimoja cha mpunga, shati limemganda kwa jasho.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona hivyo?"

"Faili la mkutano halifunguki. Na saa nane tunaitwa baraza la ardhi."

Mwanvua alilikumbuka faili hilo. Ni yeye aliyeandika muhtasari wa mkutano ule mwezi wa nne, akaskani na kurasa za majina: watu mia moja na arobaini, wengi wao kwa dole gumba, wakikataa mwekezaji asipewe bonde lao. Akachomeka flashi ya Ditram. Kompyuta ikajibu kuwa faili limeharibika. Akajaribu kompyuta ya pili, akajaribu programu nyingine. Akaita mafaili yaliyofichwa, kwa kuwa virusi wengine huficha tu. Wapi! Faili lilikuwepo, jina lilelile, lakini ukubwa wake sifuri.

"Huyu si kirusi, mwanangu," alisema taratibu. "Mtu amelikomba ndani, akakuachia ganda. Tarehe yake inaonyesha liliguswa Jumamosi, saa nne na dakika kumi."

Ditram akakaa chini. "Jumamosi flashi ilikuwa imefungiwa ofisini kijijini. Na zile karatasi zenye dole gumba hatuzioni tangu wiki iliyopita."

"Usijali, nakala yangu ninayo hapa."

Akafungua folda yake. Tupu. Ijumaa alikuwa amekuja kijana mmoja nadhifu, mpole, akaomba kukaa kwenye kompyuta aandike barua ya kazi. Alikaa nusu saa, akaondoka bila kuchapisha barua yoyote.

Kabla hajalisema hilo, simu ya Ditram ikaita. Alikuwa mwenyekiti wa kijiji.

"Vipi, huyo mama kaweza kulifungua?"

Ditram alikata simu. "Mama, sikumwambia mtu kama nakuja kwako."

Mwanvua akaenda kuchungulia mlangoni. Barabarani watu walipita na mizigo yao, hakuna aliyegeuka kumtazama, na hilo halikumtuliza hata kidogo. Ndipo akakumbuka: mwezi ule wa nne printa ilikuwa mbovu, akalituma faili kwa WhatsApp kwa Yusrah, mwenye stesheneri ng'ambo ya barabara. Akapekua simu, akishuka ujumbe mmoja baada ya mwingine. Lilikuwepo. Lilifunguka, na alama zote za dole gumba zilionekana.

Yusrah alichapisha nakala tatu. Ditram alizifunga tumboni chini ya shati, akatokea mlango wa uani.

Baraza lilizipokea, shauri likaahirishwa. Lakini Jumatano yule kijana nadhifu alirudi.

"Shikamoo mama. Naomba kompyuta kidogo."

"Marahaba. Zote mbovu."

"Pole sana." Akatabasamu, akaangalia mkono wa Mwanvua ulioshika simu. "Na simu, nayo ni nzima?"

Alipoondoka, Mwanvua alilituma faili kwa dada yake aliyeko Mikumi, kwa wifi yake aliyeko Ruaha, kwa kila ndugu aliyemwamini, akamwandikia kila mmoja: usilifute, usiulize. Siku hizi hufungua kibanda saa tatu badala ya saa moja, na amegeuza meza yake ili aketi akiutazama mlango. Shauri bado halijaamuliwa. Ditram amehamia kwa shemeji yake, na hamwambii mtu ni wapi.