Mwenyekiti wa Ofisi Tatu

Mwanangu wa kwanza alikuwa na miezi kumi na minne na hata kusimama hakusimama. Kliniki walisema hana ugonjwa, ana njaa. Niliwakasirikia wao, nikamkasirikia baba yake na kile kibarua chake cha kiwandani, halafu nikameza hasira nikampeleka kwenye uji.

Uji huo tulikuwa tukiupika wenyewe, akina mama wa mtaa wa Huruma, nyuma ya kanisa. Wafadhili walileta unga na maziwa ya unga. Makaa, maji na mikono vilikuwa vyetu. Wiki ya tatu mtoto akaanza kusimama kwa kushika ukuta.

Halafu wafadhili wakasema vikundi ni vingi mno, hawawezi kuzungumza na kila kimoja. Tuunde muungano. Tukaunda, tukamchagua mama mmoja aliyekuwa na simu nyumbani awe mwenyekiti. Sisi wengine simu tuliionea posta. Baadaye miungano ya mitaa ikaambiwa iunde baraza. Baraza nalo likataka kamati ya malalamiko. Kila mara tuliitwa ukumbini na kila mara tuliulizana: nani ana simu? Tukainua mikono, tukapiga makofi, tukarudi kupika. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, mimi, na sikuona kitu.

Jumatatu moja tukakuta kufuli kwenye stoo ya unga. Karatasi mlangoni ilisema muungano umesimamisha jiko letu kwa kulisha watoto wasio kwenye orodha. Kweli tulikuwa tumewalisha. Mtoto akija na kikombe utamwambia nini?

Nikamfunga mwanangu mgongoni nikaenda ofisi ya muungano. Mwenyekiti alinisikiliza vizuri sana.

"Binti yangu, hata mimi naumia," akasema. "Lakini sheria ni sheria. Andikia baraza."

Nikaandika. Baraza lilikuwa jengo hilo hilo, chumba cha pili. Wiki iliyofuata nikaitwa, nikafungua mlango: ni yeye.

"Baraza haliwezi kuupinga muungano," akasema, barua yangu mkononi. "Kamati ya malalamiko ndiyo inaweza."

"Inakaa wapi?"

"Chumba hicho cha mwisho. Jumanne."

"Na mwenyekiti wake?"

Hakuona haya hata kidogo. "Kwani si ninyi mlinichagua?"

Afadhali angekuwa ameupata uenyekiti kwa hila! Mkono wangu mwenyewe ulikuwa umeinuka mara tatu. Na siku tisa bila uji zilikuwa zimemrudisha mtoto chini. Ukimweka mahali, anabaki hapo hapo.

Nikamfungua nikamweka juu ya meza, katikati ya mihuri. "Basi, mama, ongea na yule wa muungano. Halafu mwende wote wawili kwa yule wa kamati. Mkishakubaliana, mtaniita."

Karani wake aliyeketi pembeni akaziba mdomo asicheke.

"Mtoe huyo mtoto! Atakojolea makaratasi!" mwenyekiti akafoka.

"Akojoe nini, na hajanywa kitu?"

Akamtazama mtoto. Alikuwa mzazi pia, siwezi kumnyima hilo. Akaandika mistari miwili, akagonga mihuri mitatu, mmoja baada ya mwingine, pa, pa, pa. Kesho yake asubuhi kufuli ilikuwa imeondolewa.

Hapo ndipo nilipoogopa hasa. Kumbe siku zote ilikuwa kazi ya dakika moja! Na jiko la mtaa jirani wa Kiamaiko, lililofungwa wiki moja na letu, likabaki limefungwa.

Siku chache baadaye mama mmoja wa Kiamaiko akaja kwetu na mtoto na kikombe cha bati. Barua iliyotufungulia ilisema walio kwenye orodha tu. Wenzangu wakanitazama mimi. Nikachota uji, nikamjazia.

"Wewe mama, utatufungisha tena," mmoja akaninong'oneza.

Nilijua. Nikamwambia yule mama amnyweshe mtoto pale pale, upesi, kabla hajatokea mtu wa muungano.