Kitambaa Juu ya Seva

Nilirudi Changamwe, Mombasa, kutoka Doha na diploma niliyojilipia mwenyewe kwa kazi za usiku. Sikuwa na mjomba wa kunishika mkono. Huko nilitunza vyumba vizima vya seva, kwa hivyo kliniki moja ndogo ya uzazi iliponiita ikisema kompyuta yao kubwa imeganda, nilikwenda nikijua nitamaliza kabla chai haijapoa.

Muuguzi mkuu, mama wa makamo, alinikaribisha kwa kuniita fundi. Nikamweleza kwamba mimi si fundi wa redio, nina diploma.

"Haya, bwana diploma," akasema, "ingia basi uitengeneze. Yule anangoja."

Yule alikuwa mwanamke kwenye benchi, mumewe kando yake. Mtoto wao alizaliwa hapo akiwa amekufa, wakamzika bila kumpiga picha. Picha yake pekee ilikuwa ile ya kipimo cha tumboni, nayo ilibaki ndani ya seva kwa sababu siku ile printa haikuwa na wino. Sasa walikuwa wamekuja kuichukua. Nilimwambia, kwa sauti ya mtu anayeijua kazi yake, kwamba ataondoka nayo.

Seva ilikuwa stoo, imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, kama watu wanavyofunika televisheni sebuleni. Muuguzi alikifuma mwenyewe kuzuia vumbi, na zile taa za kupepesa zilimkera pia. Nilipokiondoa nikakuta taa ya rangi ya machungwa inawaka. Seva ile ina diski mbili zenye kumbukumbu zilezile. Moja ikifa, nyingine huendelea peke yake na taa hiyo huwaka kuita watu. Iliita chini ya kitambaa, sijui tangu lini. Kitambaa kilikuwa kimeziba pia matundu ya hewa. Bati la seva halikushikika kwa moto.

Swichi ya kuzimia iko pembeni mwa paneli. Ukiibonyeza kidogo, unaiomba seva ifunge kazi zake kwa utaratibu. Ukiishikilia, unaiua palepale. Niliibonyeza kidogo, nikangoja. Nikabonyeza tena. Haikuitika. Wengine wangeishikilia tangu mwanzo. Mimi niliishikilia pale tu nilipokosa njia nyingine. Feni zikanyamaza.

Ilipopoa kidogo nikaiwasha. Diski iliyobaki ikalia kama ukucha unaokwaruza kigae, ikazimika. Nilimpigia mwenzangu wa Doha, nikamsikilizisha mlio ule. Akasema sahani za ndani zinazobeba kumbukumbu zimechubuka, nisijisumbue. Nilijisumbua mpaka alasiri. Hakuna mtu Mombasa ambaye angefanya zaidi, nasema bila haya. Nakala nyingine haikuwapo.

Nilimweleza mwenyewe yule mama wa benchini, sikumwachia muuguzi. Hakulia. Aliomba kuiona mashine, tukaingia naye stoo, mumewe na muuguzi nyuma yetu.

"Yumo humu?" akauliza.

"Picha imo, dada. Haisomeki tena."

Mumewe akauliza kama wanaweza kupewa ile diski, hivyohivyo ilivyo. Muuguzi akakataa kwa upole, kwa kuwa ndani mna siri za wanawake wengine. Alikuwa amekikunja kitambaa chake mpaka kikawa kama ngumi.

Yule mama akaweka kiganja juu ya bati. Bado lilikuwa na joto. Hakukiondoa mpaka mumewe alipomwambia waende.